Soya Iliyokaangwa Bila Pua

Mlioniacha wiki iliyopita pale kwenye tuta la bwawa, nimeshika tama, msidhani niliinuka nikaenda mahali pa maana. Asubuhi ilinikuta pale pale, suruali imelowa umande, na mke wangu bado hajarudi.

Kwa waliochelewa, habari ni hii. Nina mabwawa mawili ya perege, la juu na la chini, kwenye kiwanja cha mama yetu. Kaka yangu mkubwa, fundi ujenzi, anataka yafukiwe ajenge vyumba vya kupangisha. Mama alipochoka na kelele zetu akatoa hukumu: Jumamosi wavu uvutwe, samaki awekwe kwenye kiganja chake. Akizidi kiganja huku na huku, mabwawa yanabaki. Akienea ndani ya kiganja, kaka alete kifusi.

Shida yangu ni moja. Samaki wanakula kama wametoka jela, na hawakui.

Zamani niliwalisha dagaa wa kusaga. Dagaa walipoadimika, kila mfuga kuku anawagombania, nikageukia mimea. Mashudu ya alizeti, pumba za mahindi, majani ya mihogo yaliyokaushwa, na kwenye nafasi ya dagaa nikaweka soya. Watu walicheka sana. "Samaki wa Bwana Pua siku hizi ni mbuzi," walisema. Niliwaacha wacheke. Perege akipata soya iliyokaangwa sawasawa, dagaa hamkumbuki. Lakini ikiwa mbichi, kuna kitu ndani yake kinachomfunga tumbo. Anakula, anashiba, halafu chakula kinapita tu bila kumjenga.

Na mke wangu? Huyo aliondoka kwa sababu nilimwita mwizi. Soya ilikuwa inapungua kwenye gunia, nikamkuta nayo jikoni, iko kwenye kikaango. Nikamwambia anawapikia ndugu zake uji kwa chakula cha samaki wangu. Alikusanya nguo zake kwenye mfuko akaenda kwa dada yake.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa kuna jambo nililowaficha wiki zote hizi, nanyi mmekuwa mkinihurumia bila kulijua. Leo nalitoa, maana limeshatoka lenyewe mbele ya watu.

Mnajua kwa nini naitwa Bwana Pua? Kabla ya samaki nilifanya kazi getini kwenye kinu cha chakula cha mifugo. Kazi yangu ilikuwa kunusa. Gunia linafunguliwa, natia mkono, nanusa, nasema "pita" au "rudi nalo". Kuvu, unyevu, mafuta yaliyochacha, vyote nilivijua hata kabla gunia halijagusa chini. Mwenye kinu alikuwa akiwaambia wageni kwamba pua yangu inashinda mashine yake. Jina likaniganda, nami nikalipenda kuliko lile nililopewa na wazazi.

Basi pua hiyo imekufa.

Ilikufa na ile homa niliyougua wiki niliyoanza kuwalisha soya. Niliamka homa imeondoka, na harufu zote imeondoka nazo. Nikanusa kitunguu, kimya. Nikanusa soksi zangu mwenyewe, kimya. Nikasema itarudi kesho. Kesho ikaja, pua haikuja nayo.

Na soya hukaangwa kwa pua, jamani. Jicho linadanganya, kwa sababu ganda hubadilika rangi mapema na ndani bado mbichi. Kinachokuambia epua ni harufu, pale ile ya maharage mabichi inapokimbia na ya karanga inapoingia. Mimi nilikuwa nakaanga kwa kubahatisha, huku nimesimama kifua mbele kama bingwa. Mke wangu aliniambia mara ngapi? "Baba, hii bado mbichi." Nikamjibu, "Kati yangu na wewe, nani aliyeajiriwa kwa kunusa?"

Sasa haya tuendelee.

Alhamisi asubuhi, niko pale tutani, nikasikia lori linarudi kinyumenyume. Nikaruka.

"We! We! Simama!"

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Nimwage wapi, mzee?"

"Umwage nini?"

"Kifusi. Nimeambiwa karibu na maji."

"Kifusi ni cha Jumamosi!"

"Jumamosi nina harusi."

"Yako?"

"Ya jirani. Lakini mimi ndiye mwenye gari." Akazima injini akashuka, akayatazama maji. "Kwani humu mna samaki kweli?"

Kabla sijamtukana, kaka akatokea nyuma ya lori, kofia ya kazi kichwani, mchoro wa vyumba vyake umekunjwa mfukoni. Nikamvaa.

"Kaka, mama alisema Jumamosi! Unanifukia kabla sijafa?"

"Sifukii. Kitakaa hapa pembeni kinangoja."

"Kinaningoja mimi."

"Sikia, mdogo wangu." Akanishika bega. Sikupenda jinsi alivyonishika, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake rambirambi. "Mimi sikuchukii. Paa la mama linavuja upande wa kitanda. Mvua ikinyesha anasogeza godoro kwa mikono yake. Mwaka jana ulisema samaki wataleta mabati. Ndio samaki hawa?"

"Watakua."

"Lini?"

Nikayatazama maji. Dereva akavuta kishikio, kifusi kikaporomoka kwa kishindo, matofali yaliyovunjika na vigae vya choo cha mtu, vumbi likaenda mpaka kwenye maji. Perege wakapanda juu kwa wingi. Walidhani wanalishwa.

Mnielewe hapo. Sina ufundi mwingine. Kinuni hawawezi kunirudisha, wakinirudisha watagundua siku ya kwanza. Mke ameondoka. Kilichobaki ni maji yale na vile vidagaa vyangu ninavyoviita perege. Yakifukiwa, mimi ni nani? Nilihisi maji yamenifika shingoni.

Nikaamua kukaanga upya. Nilijiambia, kama shida ni ubichi, basi nikaange mpaka ubichi wenyewe uombe msamaha. Nikawasha moto nyuma ya nyumba ya mama, nikaweka karai, nikamimina soya, nikashika mwiko. Nikakoroga. Rangi ikageuka, nikaendelea. Ikawa kahawia, nikaendelea. Wakati gani wa kuacha? Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa sina tena. Machozi yalikuwa yananitoka, nikadhani ni ya huzuni.

Mama akatoka ndani anakohoa, amefunika uso kwa mtandio.

"Unaunguza nini?"

"Siunguzi, mama. Nakaanga."

"Moshi umejaa mpaka chumbani kwangu!"

"Ni namna mpya hii."

"Namna mpya ya kuunguza?" Akasogea, akachota punje moja kwa ukucha, akaitia mdomoni, akaitema. "Astaghafiru! Hata kuku hali hii. Wewe husikii harufu hiyo?"

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Mama yangu mzazi, tuko wawili tu, ananiuliza swali lenyewe. Kilichotakiwa ni neno moja.

"Naisikia, mama," nikasema. "Nzuri kabisa."

Akanitazama. Akanitazama tena. Halafu akasema "Haya," akarudi ndani polepole, mkono ukutani.

Soya ile niliisaga hivyo hivyo, nikaichanganya, nikaimwaga bwawani. Ilielea juu kama masizi. Perege mmoja akaja, akagusa, akageuka akaenda zake. Wengine hawakuja kabisa. Ndipo nikanawa uso na kushika njia ya kwa shemeji.

Shemeji, dada wa mke wangu, alinipokea mlangoni na ufagio mkononi.

"Karibu, shemeji. Umekuja kukagua magunia? Ingia, pekua. Anza na uvungu wa kitanda."

"Nimekuja kumwona mwenzangu."

"Yule mwizi? Yupo. Ngoja nimfungue pingu."

Nikaingia sebuleni. Mke wangu akatoka na mikono yenye povu la sabuni, akasimama mbali kidogo. Alikuwa amekonda. Au macho yangu tu.

"Rudi nyumbani," nikamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwangu."

"Mwizi anarudije kwa mwenye mali?"

"Hayo yaache. Nina shida. Wavu ni Jumamosi. Njoo unisaidie kukaanga, siku mbili tu."

Akakunja uso. Nikaona kitu kinapita kwenye macho yake.

"Bwana Pua anaomba kusaidiwa kukaanga?"

"Mikono imechoka tu."

"Kaa hapo," akasema.

Nikakaa kwenye kochi.

"Fumba macho."

"Mambo gani haya mbele ya shemeji?"

"Fumba."

Nikafumba. Nikasikia anaingia ndani, anatoka. Nikahisi kitu karibu na uso wangu.

"Hii nini?"

Wakati naingia niliona kopo la kahawa mezani. "Kahawa," nikasema.

Shemeji akaguna.

"Na hii?"

Mikono yake ilikuwa na povu. "Sabuni."

"Fumbua."

Nikafumbua. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kitambaa kinachodondoka mafuta ya taa, yamenichuruzikia mpaka kwenye shati. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu, mkavu, umeshafutwa vizuri.

Ufagio ukamdondoka shemeji. Mke wangu akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Miezi yote hii. Naunguza wali unaniambia unanukia vizuri, nikadhani unanipenda." Akacheka. Hakikuwa kicheko cha kufurahia. "Nakwambia soya mbichi, unanitangazia kazi ya kinuni. Mama yako anajua?"

"Hakuna anayejua. Nitamwambia baada ya Jumamosi."

"Mwambie kabla."

"Nikimwambia kabla, kaka anafukia kabla!"

"Basi mimi siji."

Nikapiga magoti, nawaambia ukweli. Mwanamume mzima, shati linanuka mafuta ya taa na mwenyewe sijui, nimepiga magoti kwa shemeji. "Mke wangu, nakuomba. Nakuomba unikaangie. Pua yako tu, sitaki kingine."

Akainuka. Akafuta mikono yake kwenye gauni, kila kidole.

"Ndicho ulichokuja kuomba?"

"Ndicho."

"Nimesikia," akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Nikatoka pale namlaumu. Njia nzima naongea peke yangu, moyo wa jiwe, mwanamke gani huyu, mume anazama yeye anafua. Wala sikujiuliza alikuwa akingoja niombe nini. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ikafika. Nilitamani ichelewe lakini siku mbaya haina foleni.

Mama aliletewa kiti chake akawekwa kwenye tuta. Kaka alikuja na vibarua wawili na kamba ya kupimia. Majirani walikuja bila kualikwa, wamejipanga kama wako uwanjani. Hata yule dereva alikuwepo, amevaa suti ya harusi, anasema amepita tu.

"Tuanze la chini," kaka akasema.

Nikaingia majini mwenyewe. Vibarua wakashika ncha za wavu, tukaukokota taratibu kutoka upande wa mbali, miguu inazama kwenye tope. Ulikuwa mwepesi. Mvuvi akivuta wavu anajua kabla ya kuona, na mimi nilijua. Tukaufikisha ukingoni, perege wakaanza kurukaruka, wengi, hai, wanang'aa. Nikachagua yule aliyeonekana mkubwa kuliko wote nikampelekea mama.

Mama akafungua kiganja. Nikamweka.

Akalala pale katikati, kichwa hakikufika kwenye vidole. Mama akakunja vidole taratibu, na samaki mzima akafichika ndani ya ngumi, mkia tu ukabaki nje unatikisika.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Mama, umeona," kaka akasema, sauti ya chini.

"Nimeona."

"Mama, nipe mwezi mmoja," nikasema. "Mmoja tu! Nimeshajua kosa liko wapi."

"Neno ni neno, mwanangu. Ulikubali mwenyewe."

"Wiki mbili!"

"Inuka kwenye tope."

Sikuinuka. Nikamwona kaka anamwita kibarua na kuonyesha kwa kidole wapi pa kuanzia, na mimi nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya majirani, nikisema maneno ambayo hata siyakumbuki. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Bado la juu," mtu akasema.

Tukageuka wote. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya majirani, gauni la kazi, viatu mkononi. Sijui alifika saa ngapi.

Kaka akatikisa kichwa. "Shemeji, usijisumbue. Chakula ni kimoja, maji ni mamoja."

"Mama alisema mabwawa. Hakusema bwawa. Vuteni."

Mama akaashiria kwa kidevu. Tukavuta.

Nilipofika katikati nikahisi kamba inanikata mikono. Nikadhani tumenasa gogo. Kibarua upande wa pili akapiga kelele, "Shikilia! Shikilia!" Maji mbele ya wavu yakaanza kuchemka, samaki mmoja akaruka akanipiga kifuani nikayumba. Jamani! Perege wa haki! Wenye mgongo! Nikamkumbatia mmoja kama mtoto, nikapanda naye tuta nikiteleza.

Mama akafungua kiganja. Kichwa kikapita huku, mkia ukapita kule, na mama akalazimika kuleta mkono wa pili asimdondoshe.

"Eeeh!" majirani wakasema kwa pamoja. Dereva akapiga makofi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilianza.

Kaka ni mtu wa kamba na timazi. Hapendi kitu kisichonyooka. Akamtazama samaki, akatazama bwawa la chini, akanigeukia.

"Chakula kimoja," akasema. "Maji mamoja. Hawa vipi, na wale vipi?"

Kila mtu akanitazama.

Na hapo hapo, nikiwa nadondoka maji, nikaelewa. Bwawa la juu alikuwa analisha mke wangu. Ndoo ya huko alibeba yeye, asubuhi na jioni, mimi sikanyagi. Na ile soya iliyokuwa inapungua kwenye gunia, na kile kikaango jikoni! Alikuwa anaichukua mbichi, anaikaanga kwa pua yake mwenyewe, anawapelekea samaki. Alikuwa ananiibia mimi ili awape perege wangu.

Ukweli ulinijia mpaka kwenye ulimi. Nawaapia ulifika. Kilichotoka ni hiki:

"La juu niliwakaangia zaidi."

Mke wangu alitazama vidole vya miguu yake.

"Zaidi kiasi gani?" mama akauliza.

"Mpaka inukie karanga, mama."

"Vizuri sana," akasema mama. "Basi tuonyeshe. Isije siku nyingine tukakosa wa kutufundisha. Leteni karai."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote, iliishia kwenye mafiga. Moto ukawashwa. Karai likapanda. Soya mbichi ikamiminwa, nikapewa mwiko. Watu wakatengeneza duara.

Nikakoroga.

"Bado?" akauliza mama.

"Bado."

Nikakoroga. Jasho linanidondoka ndani ya karai linachemka.

"Bado?"

Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Nilichotaka ni ishara tu, kope moja, kikohozi. Alikuwa amekunja mikono, anatazama maji. Nikawatazama majirani, kama kuna pua itakayoniambia. Mmoja akavuta pumzi, nikadhani ndiyo yenyewe.

"Tayari!" nikasema, nikaepua.

Mama akachukua punje, akaipasua kwa meno, akanionyesha ndani. "Mbichi. Rudisha."

Nikarudisha. Mwiko ukawa unagonga karai ko, ko, ko. Kaka alikuwa ameanza kuelewa, nilimwona. Alivua kofia yake ya kazi.

"Sasa je?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya kunibembeleza.

Nikaweka mwiko chini.

"Mama, sisikii harufu," nikasema. "Sisikii kitu chochote tangu niugue. La chini nimeliua mimi. La juu si langu, ni la huyu. Hata soya niliyosema ameiba, aliwapa wao."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilisikia minong'ono ikienda mwisho wa duara na kurudi. Mtu akasema "Bwana Pua!" na mwingine akamnyamazisha.

"Nilijua siku ile ya moshi," akasema mama. "Jana maziwa yamechacha nikayaweka mbele yako, ukashika kikombe unataka kunywa, nikakunyang'anya. Hukujiuliza hata kwa nini. Nimengoja uniambie, mwanangu. Nimekupa Alhamisi, nimekupa Ijumaa. Na leo umeniweka kwenye kiti hiki, samaki wa mwenzio mikononi mwangu, bado unanidanganya."

Niliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo inakuwaje, mama?" kaka akauliza.

"La chini ni lako, fukia ujenge. Na uanze na paa langu. La juu halifukiwi, samaki wake wamepita kiganja. Ila si la huyu. Ni la mkwe wangu."

Mtaniona sina haya, lakini nilishukuru. Nusu shari si shari kamili. Nikajiambia bwawa limebaki, la mke ni la mume, atakaanga yeye nitabeba ndoo mimi, maisha yataendelea. Nilishaanza kutabasamu.

"Nashukuru, mama," akasema mke wangu, akapiga goti kidogo kwa heshima. "Lakini maji yabaki hapa. Mimi naomba samaki."

"Samaki uwapeleke wapi?"

"Dada ana tangi kubwa la saruji nyuma ya nyumba. Tumelisafisha, tumelijaza juzi."

Juzi! Kwa hiyo mimi nikitoka pale njia nzima namlaumu, wao walikuwa wanachota maji.

Kaka akamtazama mama, nami nikamtazama kaka, mtu ambaye wiki nzima nilimwita adui, nikimwomba kwa macho aseme jambo. Alikunja kamba yake.

"Uliwalea wewe," mama akasema mwisho. "Ni wako."

"Mke wangu!" nikasema. "Hao ndio..."

Akanigeukia. "Hao ndio nini?"

Ndio mtaji wangu, nilitaka kusema. Ndio jina langu. Nilifunga mdomo, kwa mara ya kwanza siku ile nikafanya la busara.

Akapandisha gauni, akaingia majini. Alilowesha mikono kwanza, kisha akaanza kuwatoa kwenye wavu mmoja mmoja, anawashika chini ya tumbo, anawatia kwenye ndoo kubwa yenye maji. Hawakumrukia kama walivyonirukia mimi. Majirani wakaanza kutawanyika. Ndoo ilipojaa akajaribu kuiinua, ikamshinda. Akajaribu tena.

"Shika upande huo," akaniambia, bila kunitazama.

Nikashika. Tukapanda tuta pamoja, yeye huku, mimi kule, maji yanatumwagikia miguuni, perege wanagonga kuta za ndoo. Tukapita kiti cha mama. Tukafika getini na yeye hakusimama, akalisukuma lango kwa bega.

"Na mimi nakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mimi na samaki tunajua tunakokwenda," akasema. "Wewe ndiye hujasema."